Mizani ya Mama

Kitambulisho changu cha kwanza cha kazi kilikuwa na jina langu, picha niliyokunja sura, na chini yake neno moja kwa herufi kubwa: KUJITOLEA. Vya wenzangu walioajiriwa viliandikwa MWANDISHI. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, digrii mkononi, na chumba cha kupanga Ilomba, Mbeya, ambacho kodi yake mwanzoni alilipa mama kwa kuuza maharage Iringa. Redio yenyewe jina nalihifadhi. Nilikaa pale miaka miwili na miezi minne, na kila nilipouliza habari ya mshahara niliambiwa nivute subira, fungu likitoka nitakuwa wa kwanza. Fungu halikutoka. Au labda lilitoka kwa mlango mwingine.

Sasa mtu asiyelipwa anakulaje? Waandishi wenzangu mnalijua jibu. Anakula bahasha. Unakwenda kwenye semina, kwenye uzinduzi, kwenye ziara ya mheshimiwa, unasaini karatasi, unapewa "nauli". Elfu kumi, ishirini, siku ya neema hamsini. Nauli halisi ni kidogo sana. Kinachobaki ni unga, mafuta ya kula na vocha. Nimewahi kukaa ukumbini nikisikiliza mada dhidi ya bahasha, na mlangoni tukapewa bahasha. Mimi sihubiri. Nilikula.

Neno lenyewe limenisumbua muda mrefu, na kwa kuwa huku tunapenda maneno, nivumilieni. Mzizi ni toa. Ukiweka kauli ya kutendea unapata tolea, na kauli hiyo haitulii peke yake, inauliza: kwa ajili ya nani? Kisha tunabandika ji. Lakini ji hiyo ni ya nani? Kwenye kujipikia, anayepika ndiye anayekula. Kwenye kujijengea, anayejenga ndiye anayelala ndani. Kwa sarufi hiyohiyo, kujitolea kungekuwa kutoa ukajipa mwenyewe, yaani hakuna aliyepewa kitu. Matumizi yameamua vinginevyo, na matumizi ndiyo bwana. Ila mimi nikiwa na kile kitambulisho shingoni, ile maana nyingine nilikuwa naisikia ikinicheka.

Na limebebeshwa mizigo isiyofanana, neno hili. Ukienda JKT, Itende au Mafinga, kuna vijana wa mujibu wa sheria, waliotoka kidato cha sita, na kuna vijana wa kujitolea. Hawa wa kujitolea ndio wanaogombea nafasi, maana wanatumaini huko mbele wataajiriwa jeshini au polisi. Anayechangia damu anajitolea, na anaondoka na soda. Mhitimu wa ualimu anayefundisha hisabati sekondari ya kata bila ajira, wazazi wakimchangia mahindi, naye anajitolea. Kijiji kikichimba msingi wa zahanati wananchi wanajitolea, hata pale ambapo asiyefika anatozwa faini. Kwetu Uheheni tulikuwa na neno lenye heshima zaidi, mgowe: unapika pombe, unaita majirani kulima, kesho unaitwa wewe. Hakuna anayejidai ametoa. Na pombe ikiisha kabla shamba halijaisha, utajua mwenyewe.

Mwaka wangu wa pili redioni nilipanda gari la ofisi moja ya umma kwenda kijiji kimoja cha Umalila, kule juu kwenye pareto na viazi, ambako ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi. Wanakijiji walikuwa wamechimba mtaro wa bomba la maji, kilomita tatu na ushee, kwa majembe. Wengi wao wanawake, wengine na watoto mgongoni. Ahadi ilikuwa: chimbeni, mabomba yanakuja. Mtaro ulikamilika Agosti, na sasa ilikuwa Februari, mvua zimeanza kuurudishia udongo. Mama mmoja alinivuta pembeni. "Dada mwandishi, sisi tumeshamaliza ya kwetu. Waulize ya kwao iko wapi." Nilimrekodi. Sauti safi kabisa, hata jogoo aliwika mahali pake.

Jioni, kabla sijashuka garini, nikapewa elfu thelathini. Kodi ilikuwa imepita wiki mbili, na safari hii nilikuwa nimeapa simpigii mama simu. Nikarusha habari ya dakika mbili: wananchi wapongezwa kwa kujitolea. Sauti ya yule mama niliikata palepale aliposema "tumeshamaliza ya kwetu". Sentensi ya pili ikabaki kwenye kompyuta, kisha ikafutwa na mafaili mengine nafasi ilipojaa. Hakuna aliyeniagiza niikate. Mtu angeniagiza, leo ningekuwa na wa kumsema.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba asiyelipwa hadaiwi. Utetezi huo niliufikisha mpaka kwa mama, mwaka 2023, nilipokwenda kumsalimia Kilolo. Wala sikwenda kutubu. Nilikuwa nalalamika tu, kama tunavyolalamika watu wa umri wangu, kwamba nchi hii imejengwa juu ya migongo ya watu wasiolipwa. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Na mimi je?" akaniuliza.

Habari yake nilikuwa naijua kijuujuu. Mwaka 1983 mkoa wa Iringa uliingia kwenye mradi wa lishe wa serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Ulianza na vijiji 168. Wahudumu wa afya walitoka vijijini humohumo. Kila baada ya miezi mitatu watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito hadharani na matokeo yakafikishwa kwa serikali ya kijiji: wangapi wa kijani, wangapi wa kijivu, wangapi wekundu. Kufikia 1988 utapiamlo mkali ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 6 hivi hadi chini ya 2, na wataalamu wa lishe wa nchi nyingine bado wanaitaja Iringa. Mama alikuwa mmoja wa wahudumu hao, binti wa miaka ishirini na moja aliyemaliza la saba, Kilolo ikiwa bado Iringa Vijijini. Kijiji ndicho kilitakiwa kumlipa. Kililipa mwaka wa kwanza, kikalipa nusu ya wa pili, baadaye ikawa debe la mahindi, baadaye ikawa asante.

"Sasa kwa nini uliendelea?"

"Ningeachaje, na nilikuwa najua nani mwekundu?"

Akanisimulia mtoto mmoja wa kitongoji cha mbali, mwekundu mara mbili mfululizo. Alikuwa anakula ugali mara mbili kwa siku, alfajiri na usiku, kwa sababu katikati mama yake yuko shambani. Tumbo la mtoto ni dogo. Ugali unalijaza kabla haujampa nguvu ya kutosha. Mama akawa anapeleka kimea, ule ulezi unaooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Ukitia kijiko kwenye uji mzito unalegea, mtoto anakunywa mwingi bila kuchoka kumeza. Alikwenda kila baada ya siku mbili, saa moja na nusu kwa miguu, kwa ulezi wa nyumbani kwao.

"Akapona?"

"Huyo hakupona. Mdogo wake ndiye alipona."

Akaendelea kuchambua. Mimi, sijui kwa nini, nikamweleza habari ya Umalila, mtaro, bahasha, ile sentensi. Nilitegemea anikaripie. Akauliza tu:

"Na maji walipata?"

Sikujua. Miaka tisa, na sikuwahi kurudi kuuliza.

Nilikwenda mwezi uliofuata, kwa nauli yangu. Maji yapo, yaliletwa na mradi mwingine, yakapita njia nyingine. Mtaro bado unaonekana, mfereji mrefu wa majani ambamo mbuzi wamefungwa. Yule mama alishahamia kwa mwanawe Tunduma. Mzee mmoja alinitazama, akatazama begi la kamera, akasema, "Mmekuja kutupongeza tena?"

Januari 2024 serikali ilipozindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wa kufundishwa na kulipwa, nikampigia mama kumpa habari. Alicheka mpaka akakohoa. "Na ya nyuma watalipa?"

Mizani ya mradi bado iko jikoni kwake, inaning'inia kwenye boriti, imeiva moshi. Kile kisuruali cha kitambaa cha kumtia mtoto kilishachanika zamani. Siku hizi ananing'iniza mfuko wa maharage. Mara ya mwisho nilipokwenda kulikuwa na mteja anasubiri nje, na macho ya mama yameanza kufifia.

"Hebu nisomee."

"Kumi na mbili na robo."

"Simama mbele yake, mwanangu. Usisomee pembeni."

Nikasogea, nikasimama mbele. Ilikuwa kumi na mbili kamili.