Sungura Wawili, Mume Wangu na Safari ya Lushoto

Saa nne usiku mabegi yako mlangoni, gari limeshajazwa mafuta, halafu mimi na mume wangu tumenuniana. Sababu? Sungura wawili wa wiki saba, mmoja mweupe, mwenzake wa kijivu, wanatafuna majani sebuleni kana kwamba hayawahusu.

Mimi nilitaka twende nao. Mwenzangu akauliza, “Mke wangu, tunaenda kupumzika au tunahamisha banda?”

Usinicheke, mpenzi msomaji. Mwaka jana mimba yetu iliharibika ikiwa na miezi minne. Nyumba ikapoa. Mwezi uliopita mume wangu akarudi kazini na boksi lenye wale sungura, hakusema kitu. Tangu siku hiyo nimekuwa na sababu ya kuwahi nyumbani. Leo niwaache siku tatu? Moyo uligoma.

Tatizo ni kwamba mchana wake nilikuwa nimempigia simu daktari wa mifugo, na jibu lake nimelificha. Alisema sungura hatoi jasho kama sisi. Joto hulipunguza zaidi kupitia masikio, na gari likipita nyuzi 30 anaweza kufa. Gari letu lenyewe halina kiyoyozi. Halafu tumbo lake linatakiwa kufanya kazi muda wote. Hofu na mtikisiko vikimfanya asusie chakula, utumbo unaweza kusimama, na kwa mtoto aliyetoka kuachishwa kunyonya hata nusu siku bila kula ni hatari. Kona zikimsumbua usitegemee atatapika, hana uwezo huo.

Nikamweleza mume wangu yote. Hakunisema. Akasema tu, “Basi wabaki. Safari hii nakuhitaji wewe.”

Asubuhi tukamwachia ufunguo mama wa nyumba ya pili. Sungura wabaki kwenye banda lao, kivulini, majani makavu tele na maji masafi. Tukamwomba asiwabadilishie chakula ghafla na asiwanyanyue kwa masikio, kama wengi wetu tulivyozoea kuona.

Chalinze, Segera, Korogwe. Tunafika Mombo saa sita mchana, joto kali, shati limeganda mgongoni. Nikageuka kutazama kiti cha nyuma, mahali ambapo boksi lingekaa. Sikusema kitu, ila mume wangu aliona.

Kutoka Mombo unaiacha barabara kuu na kupanda milima ya Usambara, kama kilomita 33 za kona juu ya kona, jabali upande mmoja na bonde upande mwingine. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyobadilika. Lushoto kwenyewe, kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, jioni unatafuta sweta. Si ajabu Wajerumani walijijengea mji hapa wakauita Wilhelmstal.

Kesho yake tukatembea hadi Irente. Ukisimama pale ukingoni, ardhi inakatika ghafla, na karibu mita 1,000 chini unaiona Mazinde na tambarare ya Wamasai ikipotelea kwenye ukungu. Tukakaa juu ya jiwe. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, tuliongea habari za yule mtoto. Kumbe mwenzangu naye alikuwa amempa jina kimyakimya. Tulilia wote wawili, bila haraka, bila simu, bila boksi la kulichungulia kila dakika.

Jioni nikampigia jirani. “Wanakula tu hao, mwanangu. Wewe mhudumie mumeo!”

Wenzangu mnaofuga, kabla ya kupakia kiumbe mdogo kwenye gari jiulizeni: anakwenda kwa faida yake, au mnambeba ili msibaki wawili? Mimi jibu langu nilikuwa nalo tangu mchana ule, nikalifunika.

Jirani tulimletea jamu na jibini ya Irente. Sungura nao walinipokea kama mtu aliyetoka dukani. Hawakununa hata kidogo.