Amri Haileti Mapenzi Nyumbani

Wahenga walinena kwamba hasira ni hasara. Neno hilo limezoeleka mno masikioni, hata watu hulisema bila kulipima uzito. Katika nyumba moja ya askari mtaani Custom, jijini Juba, uzito wake ulipimwa usiku mmoja kwa mizani isiyotazamiwa, nayo ilikuwa picha za katuni ndani ya simu ya mkononi.

Baba wa nyumba hiyo ni sajini. Vita vilipozuka Juba mwezi Desemba 2013, yeye alibaki kazini, na mkewe akakimbilia kambi ya Kakuma, nchini Kenya, pamoja na mtoto wao wa kiume aliyekuwa na umri wa miaka 6. Mtoto alisoma huko, akakijua Kiswahili kuliko lugha ya ukoo wake, na baba akawa kwake sauti ya simu tu. Mama na mwana walirejea mwaka 2024. Sajini alikuwa ameagana na mtoto. Sasa alimpokea kijana wa miaka 17 aliyemzidi kimo.

Kila mmoja alitazamia jambo lake. Baba alitazamia utii kama ule wa kikosini. Mwana alitazamia kuulizwa habari za miaka yote aliyoishi bila baba. Mama naye, kwa kuchoka, alizoea kusema, "Ngoja baba yako arudi!" Basi kurudi kwa baba kukawa adhabu hata kabla hajafungua mlango.

Asubuhi moja sajini alirudi kutoka lindo la usiku, akakuta mapipa ya maji ni matupu. Kijana alianza kueleza kwamba gari la maji halikupita mtaani. Baba hakungoja amalize. Alivua mkanda akampiga mbele ya majirani. Jioni yake kijana alitia nguo zake mkobani, akasema kwamba baada ya siku mbili atapanda basi la Nimule, arudi Kakuma kwa mama yake mdogo. Mama akalia. Baba akanyamaza, kwa maana mtu akishapoa hasira huona aibu, na aibu isiyosemwa hufanana sana na kiburi.

Usiku huo kijana alikaa uani akitazama katuni aliyokuwa ameihifadhi simuni. Jina lake ni Invincible. Mtungaji wake, Robert Kirkman wa Marekani, aliianza kama vitabu vya picha mwaka 2003, na mwaka 2021 kampuni ya Amazon ikaanza kuionyesha kama mfululizo wa filamu. Ni katuni, lakini haikufanywa kwa ajili ya watoto wadogo. Damu inamwagika humo kwa wingi, na mzazi asidhani kwamba kila kilichochorwa ni cha watoto.

Sajini alipita nyuma ya kijana, akasimama. Katika kioo, mwanamume mwenye masharubu alikuwa akimpiga kijana mmoja bila huruma juu ya mlima wenye theluji.

"Nani huyo anayempiga mwenzake?" akauliza.

"Ni baba yake," kijana akajibu bila kugeuka.

"Amekosa nini?"

"Amekataa amri."

Sajini akavuta kiti akaketi. Kijana akamweleza kisa kwa ufupi. Yule baba, Nolan Grayson, watu wote walimjua kuwa shujaa na mlinzi wa dunia. Kumbe alikuwa askari aliyetumwa kutoka sayari ya Viltrum kuiandaa dunia itawaliwe. Mwanawe Mark alipopata nguvu kama zake akiwa na miaka 17, baba alimtaka ashiriki kazi hiyo. Mark alikataa. Basi nguvu zilizokuwa zikiwalinda watu zikamgeukia mwana, na Debbie, mama yake, akayaona yote kwa macho yake kwenye skrini, asiweze kufanya lolote.

Kisha baba yule akainua ngumi ya mwisho. Papo hapo akamkumbuka mwanawe alipokuwa mdogo, akicheza mpira na wenzake. Ngumi haikushuka. Aliruka angani akaenda zake, machozi yakimtoka, akamwacha mwana akivuja damu.

Sajini alitazama kimya. Mwishowe akasema, "Asingeondoka. Angekaa amtibu."

Kijana akageuka, akamtazama baba yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Hadithi hiyo haiishii hapo. Katika sehemu ya pili, iliyomalizika mwaka 2024, adui anamtishia mama yake Mark na mdogo wake. Mark anapandwa na ghadhabu, anampiga adui huyo kupita kiasi, kisha anaanguka akilia kwa hofu kwamba amekuwa kama baba yake. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya hasira. Jeraha la mkanda hupona baada ya siku chache, lakini mtoto hujifunza kutoka kwa mkono uliompiga, na siku moja naye huwa na watoto.

Askari na polisi wanajua jambo hili kuliko wengi. Kikosini, amri isiyotiiwa mara moja huweza kugharimu maisha, kwa hiyo sauti hupazwa na maswali hukatazwa. Nyumbani mambo ni kinyume. Mtoto asiyeruhusiwa kuuliza hujifunza kuficha. Sheria nayo imekwisha sema. Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011, katika ibara ya 17, inampa kila mtoto haki ya kutoadhibiwa kwa viboko na mtu yeyote, wazazi wakiwemo. Mlinzi wa sheria hawezi kuilinda barabarani na kuivunja sebuleni mwake.

Baba atokaye lindo na avue sare kwanza, anawe, anywe maji, ndipo asikilize mashtaka ya siku. Mama naye asimfanye baba kuwa fimbo ya kutishia watoto. Na kosa lolote la mtoto, hata liwe kubwa, laweza kungoja mpaka mzazi apoe.

Kulipopambazuka, sajini alimkuta kijana akifunga viatu. Akasema kwa sauti ndogo, "Jana nilikukosea. Gari la maji halikupita, nami sikukusikiliza." Kijana hakujibu. Baba akamwomba wafuatane mpaka kwa mama muuza chai karibu na soko, wakaketi pale muda mrefu, na sajini akauliza habari za Kakuma, mwaka baada ya mwaka.

Mkoba ulikaa mlangoni siku tatu. Siku ya nne mama alizitoa zile nguo, akazifua, akazianika kambani uani, na hakuna aliyemwuliza neno.