Waya wa Banissa na Fedha za Maziwa

Ndugu wasomaji, na hasa mama zangu na dada zangu mnaoshika fedha za vikundi, leo naandika habari ya kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2022, ukame ulipokaza kaskazini mwa Kenya, nilikuwa Banissa, katika Kaunti ya Mandera karibu na mpaka wa Ethiopia, nikisomesha katika chuo cha Qur'ani, ambacho Wasomali wa huko hukiita dugsi. Msikiti ulikuwa na jenereta na bodi kuu ya umeme. Bweni la wasichana na jiko la kina mama vilikuwa mita 150 kutoka hapo, ng'ambo ya uwanja wapitapo ngamia na malori. Maji yalikuwa katika birika la chini ya ardhi, nayo yakitekwa kwa ndoo na kamba asubuhi na jioni. Kina mama wakachanga fedha za maziwa ya ngamia, wakanunua pampu ya kilowati moja na nusu na bodi ndogo ya kuweka bwenini. Fedha za waya wakanikabidhi mimi, kwa kuwa ni sheikh.

Fundi wetu alikuwa kijana wa huko huko. Alipima uwanja, akaandika hesabu nyuma ya bahasha, akaniambia, "Maalim, kwa masafa haya tupitishe juu ya nguzo waya wa alumini wa milimita mraba 35." Nilipouliza bei nilishtuka. Muuza duka mmoja akanionyesha wa milimita mraba 10, akasema ndio huo huo uletao umeme majumbani mwa watu. Fundi akapinga kwa adabu. Nami nikaitia bahasha mfukoni mwa kanzu bila kuisoma, nikanunua ule mwembamba, nikawarudishia kina mama salio. Wakaniombea dua, nami nilifurahi kuombewa.

Taa ziliwaka. Lakini kila pampu ilipoanza kuzunguka, bweni zima lilififia kama koroboi iliyoishiwa mafuta, kisha mwanga ukarudi. Tukalizoea jambo hilo. Wiki ya tatu pampu ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza, na kina mama wakarudi kwenye kamba zao.

Usiku ule ndipo nilipoitoa bahasha. Kijana aliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nilikuwa nikidhani waya una swali moja tu: je, utaungua? Ule wetu haukuungua, wala swichi ya kujikata haikuruka hata mara moja, maana mzigo wa kawaida wa bweni ulikuwa ampea 20 tu na waya uliumudu. Lakini lipo swali la pili: umeme utakaofika ni kiasi gani? Waya hula volti njiani, na kadiri ulivyo mrefu na mwembamba ndivyo ulavyo zaidi. Tena umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita 150 huhesabiwa 300. Kwa waya wa milimita mraba 10, ampea 20 hupoteza volti 18 hivi katika 240. Mota ya pampu inapoanza huvuta mara tano au sita ya kawaida yake. Hapo mzigo wote ukifika ampea 60, zinapotea volti 55, na bweni linabakiwa na 185. Pampu isiyopata volti zake huhangaika kuanza, na katika kuhangaika huko hupata moto. Kwa waya wa milimita mraba 35, mwanzo huo huo ungepoteza volti 16 tu. Majumbani waya mwembamba hufaa kwa sababu nguzo ipo karibu na mzigo ni mdogo. Yote hayo nilikuwa nayo mfukoni wiki tatu.

Asubuhi nilikwenda jikoni mwenyewe. Nilikuwa nimetunga maneno marefu, lakini mama mtunza hazina alinikata. "Sheikh, fundi alikuambia?" Nikasema aliniambia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wasichana watapata maji ya udhu kabla ya adhuhuri. Niliona heri angenilaumu.

Nilikopa kwa ndugu yangu Lamu, nikalipa waya mpya na pampu ya pili. Safari hii nilimshikia fundi ngazi. Alinieleza kuwa alumini si duni: ni nyepesi mno kuliko shaba, kwa hiyo hufaa kutundikwa juu, ila haipitishi umeme sawasawa na shaba, basi huongezwa unene. Udhaifu wake uko kwenye maungio. Ikigusa hewa hufanya utando unaozuia umeme, na ikipata joto hutanuka na kulegeza skrubu. Alikwangua ncha, akapaka mafuta yake maalumu, akatumia viungio vyenye alumini upande mmoja na shaba upande wa pili, akakaza. Akainua nguzo za katikati ili lori lenye shehena lipite chini bila kuugusa waya.

Tulipowasha pampu, mama mtunza hazina alisimama mlangoni akiitazama taa. Haikufifia. Akaingia ndani kupika.

Ule waya mwembamba hatukuutupa. Fundi aliukata mita 30, ukawa wa taa ya lango la msikiti.