Yule Ndege wa Juni

Ndugu wakulima, leo naandika kosa langu mwenyewe. Huenda likamsaidia mtu.

Miaka yangu ya mwanzo kazini Muheza, nilimshauri mzee mmoja mwenye shamba la iliki, jirani na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, afyeke vichaka vyote chini ya miti ya kivuli na kuchoma majani makavu. Nilitaka shamba safi. Akakubali, maana mimi ndiye bwana shamba.

Mwaka uliofuata nilikuta mvua imechukua udongo, mizizi ya iliki iko wazi. Hakunilaumu. Alisema tu, "Bwana shamba, hata yule ndege wa Juni hakuja."

Akanipeleka kando ya kijito, mahali ambapo hakuwa amefyeka. Tukakaa kimya hadi akatokea: mdogo, kichwa cha kijivu, kifua cha manjano, na kidoa cheupe kama nyota mbele ya jicho. Vitabuni anaitwa Pogonocichla stellata. Ni ndege wa misitu ya milimani, na wakati wa baridi baadhi yao hushuka mabondeni. Alitua chini, akadonoa mdudu kwenye majani, akarudi kijitini. Hata kiota hukijenga ardhini.

Nilichokiita uchafu ndicho ghala lake la chakula, na ndilo blanketi la udongo. Mizizi ya iliki iko juujuu, na maua yake hutokea karibu na ardhi, ambako nyuki huyafuata. Sisemi ndege huyu atakumalizia wadudu shambani. Nasema palipo na majani ya kumlisha, udongo nao umefunikwa.

Mzee aliacha vichaka virudi. Ilipofika Juni ya tatu alinipigia simu: "Amekuja."

Kwa hiyo:

1. Palilia kuzunguka mashina ya iliki tu.
2. Usichome majani makavu, yatandaze shambani.
3. Usiguse vichaka vya kando ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni.
4. Usipulizie dawa ya wadudu iliki ikiwa na maua, utaua nyuki.

Nanyi wanunuzi wa iliki, msimsifu mkulima kwa shamba lililofagiliwa. Udongo ukiondoka, na mzigo wenu umeondoka.

Tuonane shambani.