Besi bila sanduku la besi



Kuna matumizi yanayoingia nyumbani yakiwa yamevaa nguo ya lazima. Sanduku la besi ni mojawapo. Letu liliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu, na fundi akasema halitengenezeki. Kununua lingine, hata la mtumba, kungekula zamu yangu yote ya likelemba, na zamu hiyo tulikuwa tumeipangia minervali ya mtoto wetu mkubwa anayeanza sekondari.

Lakini muziki nao una nafasi yake kwetu. Jumapili baada ya misa papa wa watoto anapenda rumba, mimi vilevile, na mama mkwe tunayeishi naye husema rumba bila besi ni bugali bila sombe. Kumwambia mume "achana na hayo" kungeleta manung'uniko ya mwezi mzima. Nikamwomba wiki mbili kabla ya kugusa pesa. Akakubali.

Nilianza na yale ninayofundisha darasani. Sauti husafiri hewani karibu mita 343 kwa sekunde. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi lake moja lina urefu unaopita mita 8. Saloni yetu haifiki hapo. Ndiyo maana besi hutegemea sana chumba: kuta, pembe, na mahali ulipokaa. Tena lile pigo la ngoma unalolisikia kifuani liko juu zaidi, kati ya mitikisiko kama 60 na 120 kwa sekunde, na bafle mbili nzuri za mbele zinaweza kulitoa zenyewe. Sanduku linahitajika hasa kwa ngurumo za chini kabisa za filamu.

Jambo la kwanza lilikuwa ndani ya mashine yenyewe. Ampli yetu bado iliamini sanduku lipo, ikawa inatenga sauti nzito na kuipeleka huko, kama mama anayempakulia mtoto ambaye hayuko nyumbani. Kwa telekomande niliingia kwenye mipango ya bafle: sanduku nikaweka "hapana", bafle za mbele nikaziandika "kubwa", zile ndogo za nyuma zikabaki "ndogo" ili zisibebeshwe mzigo usio wao. Papo hapo wimbo ulipata miguu.

Pili, nyuzi. Nilizima umeme kwanza na kuchomoa ampli. Kila bafle ina nyuzi mbili, na penye rangi nyekundu kwenye ampli lazima pawe penye nyekundu kwenye bafle. Upande wa kushoto zilikuwa zimepishana, pengine tangu siku ukuta ulipopakwa rangi. Zikipishana upande mmoja, bafle moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi zinauana katikati. Jirani aliyenikuta hapo akacheka kwamba nyuzi ni kazi ya wanaume. Binti yangu alikuwa ananishikia tochi, nikaendelea.

Tatu, mahali pa kuweka. Bafle zilikuwa juu ya kabati lenye uwazi ndani, nalo lilikuwa linavuma pamoja nazo. Tulizishusha juu ya matofali ya simenti, na kitambaa kilichokunjwa katikati. Kisha tukazisogeza karibu na ukuta, kwa sababu besi huenda pande zote, na ile inayokwenda nyuma hurudishwa chumbani na ukuta. Kwenye pembe besi huongezeka zaidi, lakini huvimba na kufunika sauti ya mwimbaji. Sisi tuliishia upana wa kiganja kutoka ukutani, na karibu mita moja kutoka pembeni. Kama bafle yako ina tundu kwa nyuma, usilibane na ukuta. Na ikivuma kupita kiasi, soksi safi ndani ya tundu huituliza.

Nne, kiti. Piga wimbo mmoja, tembea polepole chumbani, utashangaa: hapa besi imejaa, hatua mbili mbele imepotea. Mara nyingi katikati ya chumba ndipo pabaya. Tulirudisha viti nyuma kuelekea ukuta, na kiti cha mama mkwe kikapata mahali pazuri kuliko vyote.

Tano, vinavyolialia. Glasi za kabati, kioo cha dirisha, vifuniko vya sufuria, bati lililolegea. Nilipita nikivigusa kimoja kimoja wakati muziki unapiga. Kile kilichonyamaza chini ya mkono nilikiwekea karatasi iliyokunjwa. Kelele hizo ndizo zilizokuwa zinachafua pigo la ngoma.

Mwisho, kifungo cha besi. Ongezeni kidogo tu. Kila desibeli 3 mnazoongeza zinaidai ampli nguvu mara mbili, na bafle ikianza kukoroma, punguzeni hapo hapo, la sivyo mtanunua bafle pia. Usiku watoto wakilala, tumieni kile kinachoandikwa "loudness" kama kipo. Mwaka 1933 Fletcher na Munson, wataalamu wa Marekani, walionyesha kwamba sikio husikia besi vibaya sauti ikiwa ndogo. Kifungo hicho huirudisha bila kuamsha mtaa.

Niseme ukweli: filamu za vita hazitikisi nyumba kama zamani. Lakini rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika mwezi wa 12 mwaka 2021 kuwa urithi wa Kongo zote mbili, inasikika na gitaa lake la besi, noti kwa noti. Wiki mbili zilipoisha, papa wa watoto alisikiliza nyimbo tatu kimya, kisha akasema sanduku lingoje. Zamu ya likelemba ililipa minervali, na ikabaki ya daftari.

Angalizo moja: kuna seti ambazo nyuzi zote huingia ndani ya sanduku la besi, kwa kuwa ampli imo humo. Hizo, sanduku likifa, zote zinanyamaza, na ushauri huu hautazifufua. Basi kabla ya kununua seti, geuzeni mtazame nyuma nyuzi zinaingia wapi. Na kabla ya kutoa pesa ya kikundi au ya mtoto, ombeni wiki mbili, ninyi na tochi yenu.