Mafua Makali Yakirudi

Mwaka 1918 mafua makali yaliingia Katanga kwa njia ya reli, kutoka kusini. Mafua ya kila mwaka huwaangusha zaidi wazee na watoto wachanga. Yale yaliwaua hasa watu wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40. Baba na mama wakilala siku moja, nani atawachotea maji?

Kwetu mgonjwa hutembelewa na ukoo wote, nayo ni desturi njema. Lakini ugonjwa huu hupita kwa pumzi na kikohozi. Basi tupatane sasa, tungali wazima: mgonjwa atunzwe na mtu mmoja, aliyejifunika pua na mdomo, jirani alete maji na uji, aviache mlangoni. Matanga nayo yafupishwe, hata wajomba wakinung'unika.