Mashine Yenye Milango Miwili

Mto Rufiji haufiki baharini kwa kinywa kimoja. Ukaribiapo pwani hujigawa katika mifereji mingi ipitayo kati ya mikoko, na nahodha wa huko aweza kuingia kwa mfereji mmoja maji yajaapo, akatoka kwa mwingine yapwapo, wala hapana amlaumuye. Katika nchi hiyo, wilaya ya Kibiti, iko kata ya Mtawanya, ambayo jina lake humkumbusha msikiaji neno kutawanya hata kama hakukusudia. Kijana mmoja wa huko, aliyesomea kompyuta Dar es Salaam, alirudi nyumbani kuweka seva katika kituo kidogo cha tiba. Kabla ya juma kwisha alikuwa amemkosea mtu heshima kwa sababu ya pakiti chache zilizotawanyika.

Seva ile iliendeshwa kwa Linux, mfumo ulioanza mwaka 1991 kwa kufuata mwendo wa Unix ya mwaka 1969. Ilikuwa na kadi mbili za mtandao, yaani milango miwili. Kila mlango, au kiolesura kama wasemavyo wataalamu, ulipewa anwani yake. Wa kwanza ulielekea nje, kwenye intaneti, kwa njia ya modemu ya simu, ili taarifa za kila mwezi zipelekwe. Wa pili ulielekea ndani, kwenye chumba cha kuandikishia wagonjwa na vyumba vya waganga, ambavyo anwani zao zilianza kwa 192.168.10. Wodi ya wazazi ilikuwa katika jengo jingine, ng'ambo ya ua, na anwani zake zilianza kwa 192.168.20, baina ya majengo hayo iliwekwa ruta.

Katika faili la usanidi kila mlango una nafasi ya kuandika lango, yaani ruta ambayo hukabidhiwa pakiti zisizo na njia nyingine. Kijana aliandika lango la nje kwa mlango wa kwanza, na lango la ndani kwa mlango wa pili. Hakuwa mvivu, nafasi tupu humtia hofu mtu aliyetoka mtihanini karibuni.

Siku ya kwanza chumba cha kuandikishia kilifanya kazi vizuri, na waganga wakasifu. Wodi ya wazazi haikupata kitu. Mkunga alitafuta kumbukumbu za mama aliyekuwa na uchungu, apate kujua kundi la damu yake na habari za uzazi wake uliotangulia. Kioo kikakaa cheupe. Akamtuma mtu akimbie ng'ambo ya ua na kipande cha karatasi, na mama yule akajifungua salama kabla jibu halijarudi.

Kijana alibadili waya, na tatizo likabaki. Ndipo aliposimama barazani, mbele ya wagonjwa, akauliza kwa sauti ni nani aliyevuta waya wakati wa kufagia. Mfagiaji alikuwa mwanamke wa makamo ya mama yake. Alijibu, "Mwanangu, mimi nafagia chini. Waya wako umepita juu ya dirisha." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala mfagiaji hakucheka.

Usiku ule kijana alifanya jambo ambalo lilipasa kutangulia. Aliacha kompyuta ya wodi ikiita, akafungua programu ya tcpdump, isomayo kila pakiti ipitayo mlangoni, akatega sikio kwenye milango yote miwili. Swali lilionekana likiingia kwa mlango wa pili, zima, halina kasoro. Waya haukuwa na kosa. Jibu nalo lilionekana, ila lilikuwa likitoka kwa mlango wa kwanza, likienda zake intaneti.

Seva ya namna hii haizingatii swali limeingia kwa mlango gani. Itakapo kujibu hutazama tu anwani ya huko jibu liendako, kisha husoma orodha yake ya njia. Vyumba vya jirani vilikuwa vimeungana na mlango wa pili wenyewe, kwa hiyo njia yao ilijulikana pasipo kuandikwa. Wodi ilikuwa nyuma ya ruta, haimo katika orodha, na kisichomo katika orodha hukabidhiwa lango la jumla. Malango ya jumla yalikuwa mawili, na mfumo ukachagua la nje. Nazo anwani za 192.168 ni miongoni mwa zile zilizotengwa kwa matumizi ya ndani kwa maafikiano ya mwaka 1996. Intaneti haizipeleki popote. Ni kama mwenye nyumba aliyebishiwa hodi barazani, akaitikia "karibu" hali amegeukia uani: sauti imetoka, lakini mgeni yu vile vile amesimama.

Dawa ilikuwa fupi. Alifuta lango la mlango wa pili, likabaki moja tu la jumla, akaongeza njia moja: anwani zote za 192.168.20 zipite kwa ruta ya ndani. Wodi ikajibiwa papo hapo. Usiku wa manane umeme ukakatika. Uliporudi, wodi ilikuwa kimya tena, maana aliiamuru mashine bila kuandika katika faili, na amri ya namna hiyo hufa pamoja na umeme. Akaandika.

Wako watakao milango miwili ya nje, na wana haki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika vibaya. Lakini penye njia mbili za nje mstari mmoja hautoshi. Hapo yapasa kila mlango uwe na orodha yake ya njia, pamoja na kanuni kwamba jibu lenye anwani ya mlango fulani litoke kwa mlango huo huo. Linux yaweza hayo. Haifanyi mpaka iambiwe.

Alfajiri kijana alimkuta mfagiaji uani, akichota maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Waya haukuguswa na mtu. Kosa lilikuwa la mkono wangu."

Mama aliweka ndoo chini. "Ulinisema barazani, mwanangu. Mbona waniomba radhi uani?"

Kijana hakuwa na jibu. Saa mbili, wagonjwa walipokwisha kukaa kwenye mabenchi, alitoka akasimama pale pale aliposimama jana, akaomba watu wanyamaze kidogo.